Mchungwa wa Bondeni na Mwezi wa Kwenda Sevilla

Mimi sijawahi kupanda ndege. Bahari nimeiona mara moja tu, na shule niliiacha darasa la pili kwa sababu mwalimu alikuwa na fimbo ndefu na mimi nilikuwa na mdomo mrefu. Lakini ukitaka kujua ni mwezi gani mtu anafaa kwenda Sevilla, ule mji wa kale kule Uhispania, usihangaike. Niulize mimi. Wajukuu wangu wananicheka nikisema hivyo. Wacheke. Kuna mwanamke aliyekwenda kwa neno langu, akarudi, na siku aliyorudi hakuna aliyenicheka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Nakuru. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, kazi yake kubadilisha njia za gari moshi. Tulikuwa tumetoka Maragoli tukapewa chumba kimoja kwenye nyumba za reli, kuta nyeusi kwa moshi wa waliotutangulia. Nyuma ya nyumba nililima kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyenipa na hakuna aliyeninyang'anya. Vitunguu, kunde, dania. Jumanne na Ijumaa nilijaza kikapu nikaenda kuuza mtaa wa Bondeni, mlango kwa mlango, kwa akina mama wa Kiislamu ambao wazazi wao walitoka pwani. Ilikuwa miaka ya Mau Mau, ya vipande vya utambulisho na vizuizi barabarani. Askari alikuwa anaweza kukusimamisha barabarani apekue dania yako jani kwa jani, utafikiri ameambiwa kuna bunduki imejificha mle. Nilikuwa nawaambia, "Ukimaliza, uifunge vile ulivyoikuta." Nimeshasema nilikuwa na mdomo.

Mteja wangu wa kwanza kila mara alikuwa mjane mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa. Mwanamke mpana, msafi, mwenye ukungu mweupe katika macho yote mawili. Mtoto wa jicho, kama wanavyouita. Dania alikuwa anaichagua kwa pua. Uani kwake palikuwa na mchungwa mmoja, na urafiki wetu ulianzia hapo, kwa sababu siku ya kwanza nilipouona sikuweza kunyamaza.

"Bi Mkubwa, huu mti unakufa njaa. Mnaunywesha maji ya kuoshea vyombo halafu mnangoja machungwa?"

"We mwanamke wa reli," akasema, "umekuja kuuza au kugomba?"

"Yote mawili. Kesho nitakuletea mbolea."

Nikaleta. Mti ukanenepa, ukazaa. Nikachuma moja nikauma, nikatema mpaka machozi yakanitoka. Lilikuwa chungu kama dawa ya malaria. Bi Mkubwa akacheka mpaka akashika ukuta. Ndipo akaniambia mti ule ulitoka wapi.

Marehemu mume wake, kabla hajaja Nakuru kuendesha mashine ya kinu cha unga, alikuwa mchochea makaa ya mawe melini. Safari moja, hata mtoto wao hajajifunza kutembea, meli ikaingia Sevilla. Kule meli kubwa zinapanda mto mpaka mjini. Kikaharibika chombo fulani, wakakaa wiki tatu wakingoja fundi. Yeye akawa anatembea. Akakuta kanisa kubwa ambalo zamani lilikuwa msikiti, mnara wa adhana bado umesimama, ila juu yake wametundika kengele. Kando ya kanisa kuna ua, ua wenyewe wa msikiti ule, umepandwa michungwa mistari kwa mistari. Chini sakafu imechongwa vijifereji kutoka mti hadi mti, ukimwaga maji huku yanafika kule. Na michungwa yote ilikuwa imechanua. Alikaa pale mpaka mlinzi akamfukuza. Kesho yake akarudi, akafukuzwa tena. Akaokota chungwa njiani, akauma, akatema kama mimi, lakini mbegu akazitia kwenye kiberiti. Ndizo hizo, moja ikaota Bondeni.

"Aliniambia atanipeleka," Bi Mkubwa akasema. "Aliniambia, tutakwenda Mfunguo Pili, mwezi ule ule, ndio utayaona maua."

Mfunguo Pili ni mwezi wao wa pili baada ya kufunga Ramadhani. Nilikuwa najua, maana nilishauza dania Bondeni miaka saba au minane, na biashara ya dania inafuata mfungo. Marehemu hakumpeleka. Alikufa kwa homa ya mapafu, na ahadi ikabaki pale uani ikizaa machungwa machungu.

Sasa sikia. Mwaka ule, mwezi wa kumi na moja, nikafika na kikapu nikamkuta amekaa chini ya mti na barua imegusa pua. Alikuwa anajisomea mwenyewe, maandishi ya Kiarabu, akiisogeza karatasi mbele ya jicho la kulia kidogo kidogo kama mtu anayechambua mchele. Barua ilitoka kwa mwanawe, naye fundi wa injini za meli. Alisema meli yake itakuwa inafanya kazi bahari zile za Ulaya mwaka mzima unaokuja. Ataweza kuomba likizo mara moja tu. Amemwombea mama nafasi ya kusafiri, aje na mjomba, yaani mdogo wake Bi Mkubwa. Mama achague mwezi, kisha yeye aandike likizo. Akishaandika, haibadiliki.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, anashona kanzu pale barazani, sindano mdomoni kutoka asubuhi mpaka jioni. Hata kuongea alikuwa anaongea nazo mdomoni.

"Hakuna la kuchagua, dada," akasema. "Marehemu alishachagua. Mfunguo Pili."

"Mfunguo Pili," Bi Mkubwa akasema. Akakunja barua. "Macho haya yana mwaka mmoja, pengine hata haufiki. Nataka kitu kimoja. Nisimame pale aliposimama, maua yakiwa juu ya kichwa changu, nimwombee dua. Nikiyakosa maua, nitakuwa nimekwenda Ulaya kutazama kuta."

Mimi nilikuwa chini nafunga dania vifungu vifungu. Vidole vikasimama.

"Mfunguo Pili wa mwaka ujao unaangukia wapi?" nikauliza. "Kwa miezi ya kalenda ya ukutani?"

Fundi akahesabu. "Mwezi wa sita mwishoni, mpaka wa saba."

"Na marehemu alifika Sevilla mwezi gani wa ukutani?"

"Nani alikuwa anahesabu ya ukutani?" akasema Bi Mkubwa. "Alifunga Ramadhani baharini, Idi akaila baharini, mwezi uliofuata wakaingia Sevilla. Amenieleza mara mia."

"Basi mtapotea," nikasema. "Mwezi wenu unatembea."

Fundi akatoa sindano mdomoni ili anicheke vizuri. "Haya! Mama mboga amekuja kutufundisha mwezi. Kesho atatuonyesha kibla na fungu la vitunguu."

"Sifundishi. Nauliza. Mwezi unatembea, hautembei?"

"Unatembea. Kila mtoto wa madrasa anajua."

"Na maua nayo yanatembea nao?"

Akairudisha sindano mdomoni. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu. "Ile ni miti ya msikiti. Itafuata mwezi wa msikiti."

Naye Bi Mkubwa akatikisa kichwa kukubali! Watu wenye akili zao, waliosoma kunishinda mara kumi. Lakini walikuwa watu wa mjini, baba na babu watu wa mjini. Kitunguu kwao kinatoka kikapuni kwangu, unga unatoka dukani. Mtu ambaye hajapanda hana sababu ya kujiuliza mti unasikiliza nini. Na neno la marehemu lilikuwa limekaa ndani ya nyumba ile miaka mingi kama picha ukutani, hakuna anayeishusha kutazama nyuma yake.

Mimi nikashusha. Nikasimama nikashika shina la mchungwa.

"Huu ni mtoto wa miti hiyo ya msikiti, siyo? Sasa nisikilizeni. Kifungua mimba wangu alizaliwa siku mwezi wenu wa kufunga ulipoandama. Ilikuwa Julai, baridi imetukaza meno. Wiki ile mlikuwa mmefanya karamu yenu ya vunja jungu, ya kula kabla ya kufunga. Nilikuja hapa na tumbo langu mpaka puani, Bi Mkubwa ukanipa sahani ya pilau nikakaa hapa chini ya mti. Palikuwa na nini juu yangu?"

Bi Mkubwa akafikiri. "Vichungwa vidogo. Vya kijani. Kimoja kilikuangukia ukasema ni mtoto anakupiga."

"Ndiyo. Na vunja jungu ya mwaka huu? Mwezi wa tano?"

Bi Mkubwa akainua uso kuelekea matawi. Alikuwa amekumbuka. Mwaka ule maua yalikuwa ya mwisho mwisho, yakaanguka ndani ya sufuria ya pilau, na yeye mwenyewe akayatoa kwa kijiko akisema ni baraka.

"Mti haukusogea," nikasema. "Mvua ikija Aprili unachanua, kila mwaka. Ni mfungo uliousogelea. Mwanangu ametimiza miaka saba Julai iliyopita na mlikuwa mmeshamaliza kufunga zamani, hata viatu vya Idi vimeanza kuchakaa. Mkienda Mfunguo Pili huu hamtakuta mwezi wa marehemu. Mtakuta jina lake tu."

Nilijua nimeshinda. Ila nilipomtazama Bi Mkubwa, nikaliachia shina la mti. Alikuwa amekaa na barua mapajani kama mtu aliyeambiwa nyumba yake si yake.

"Basi niende lini?" akauliza.

Mti wetu unangoja mvua ya Nakuru. Michungwa ya Sevilla inangoja nini, Mungu ndiye anajua. Nikarudi nyumbani na kunde ambazo hazikununuliwa. Mume wangu akaniambia, "Umemvunjia mwanamke wa watu safari yake, na mahali pake umempa nini?" Nikamwambia ale anyamaze. Lakini alikuwa na haki.

Ijumaa nikarudi nimejipanga. Nikaweka kikapu chini nikamwambia, "Bi Mkubwa, nieleze yote. Marehemu aliona nini kule? Sitaki maua wala mnara. Nataka yale mengine, ambayo hukuona maana ya kuyasimulia. Mashambani palikuwa na nini? Watu walivaa nini?"

Akafumba macho. Ngano, akasema. Meli ikipanda mto, ngano pande zote mbili, kijani, kufika goti. Asubuhi watu walivaa koti, mchana wanalivua. Nikamwambia endelea.

"Kuna jambo alikuwa hapendi kulisema mbele ya watoto," akasema. "Lilimtisha. Wanaume wamevaa kanzu ndefu na kofia zimechongoka kama mlima, zimefunika uso wote, matundu mawili tu ya macho. Wanatembea polepole, mishumaa mikononi, ngoma zinapigwa. Wengine wamebeba meza kubwa kama chumba hiki, juu yake sanamu ya mtu amebeba mti mabegani, anatoka damu. Wanawake wanalia. Wiki nzima hivyo, kila siku."

"Mashetani," akasema fundi kutoka barazani.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. "Mashetani gani! Huyo aliyebeba mti ni Yesu. Hiyo ni wiki ya Ijumaa Kuu!"

Kwetu Maragoli hatubebi sanamu wala hatuvai kofia za namna ile, na mchungaji wetu angezimia. Lakini nani asiyejua hadithi ile? Marehemu aliingia Sevilla wakati wa Pasaka, akaiona kwa macho yake, na hakuna aliyemwambia jina lake. Tarehe ilikuwa imelala ndani ya hadithi miaka yote ile, inangoja Mkristo apite na kikapu.

"Nendeni Pasaka," nikasema.

Fundi alikuwa haachi. "Na hiyo Pasaka yenu haitembei? Mwaka huu hapa, mwaka ujao pale. Mimi nashona nguo za Pasaka za wateja, usinidanganye."

"Inatembea," nikasema. "Inatembea kama mbuzi aliyefungwa kamba. Leo yuko upande huu wa kigingi, kesho upande ule, lakini kamba haimruhusu kutoka Machi na Aprili. Ramadhani yenu ni ng'ombe wa kuachiliwa. Anazunguka mlima mzima, na ukimngoja mahali ulipomwona mwisho utazeeka hapo."

Bi Mkubwa alicheka mpaka yale macho yake yenye ukungu yakatoa machozi. Fundi naye akacheka, sindano ikamchoma mdomo, ikawa haki yake.

Nikamuuliza mchungaji Pasaka inayokuja itakuwa lini. Akasema Jumapili ya pili ya Aprili. Bi Mkubwa akahesabu kwa vidole: itakuwa Shaabani, wiki mbili kabla ya kufunga. Akaandika jibu mwenyewe, herufi kubwa kubwa, nami nikatembea na fundi mpaka posta nione ikitumbukia ndani kwa macho yangu.

Waliondoka mwisho wa Februari, wakati ule upepo unapobeba vumbi jeupe kutoka ufukweni mwa ziwa na mji mzima unakuwa kama umemwagiwa unga. Nilimsindikiza mpaka stesheni. Nilimpa sweta na mwavuli, kwa sababu kwangu Aprili ni mvua, na kama Mzungu hana mvua Aprili basi hana shamba. Akaniachia ufunguo wa ua.

Siogopi kusema kwamba niliogopa. Kidogo. Mvua ikaja, mchungwa wa Bondeni ukachanua, nami nilikuwa naingia kuutia mbolea, nasimama chini yake na ile harufu imenijaa kichwani. Nilikuwa nawaza: mwanamke wa darasa la pili amechukua mwaka wa mwisho wa macho ya mtu akauweka mahali alipotaka yeye. Je, kama ngano ile ilikuwa shayiri? Je, kama maua yalichelewa? Halafu nikajiambia, wewe, ngano ya goti ni ngano ya goti popote. Nikaendelea na jembe.

Walirudi Idi imeshapita, mahindi yangu yakiwa kiunoni. Mume wangu alinipigia kelele kutoka njia za reli kwamba wako kwenye gari la mchana. Nilikimbia na mikono ya udongo. Fundi ndiye aliyemshusha, akimshika kiwiko, na nikaona mara moja kwamba sasa anashikwa. Hakuwa akitazama mahali mguu unapokwenda.

"Yuko wapi mwanamke wa reli?" akasema.

"Niko hapa, Bi Mkubwa."

"Ulinidanganya."

Nikaanza kujifuta udongo mikononi.

"Hukuniambia kuhusu watu! Wiki nzima ya Pasaka yako! Mji umejaa watu kama viazi kwenye gunia. Huyu ndugu yangu amekanyagwa vidole vyote kumi. Kila siku tunakwenda kwenye ule ua, kila siku tunasukumwa nyuma na meza zao na ngoma zao. Harufu naisikia ukutani, kuingia siingii. Likizo ya mwanangu inakwisha."

"Na maua?"

"Ngoja, nakueleza mimi." Alikuwa anafurahia, mama yule, alikuwa ananipika polepole. "Ijumaa, hapana. Jumamosi, hapana. Jumapili yao, usiseme. Jumatatu asubuhi mwanangu akaniamsha. Mji umechoka, umelala. Mlango wa ua uko wazi, ndani hamna mtu, mfagiaji mmoja tu anafagia maua. Anafagia kwa ufagio, mwanamke wewe, yalivyokuwa mengi!"

Fundi akadakia, "Na mwezi wa saba tusingekuta hata ua moja. Mpwa wangu anasema mji ule Julai ni tanuri, wenyewe wanaukimbia." Akanitazama, akainamisha kichwa kidogo. Kutoka kwa mtu yule, hiyo ilikuwa hotuba.

"Uliyaona?" nikamuuliza Bi Mkubwa. Sikutaka kuuliza lakini mdomo wangu ndivyo ulivyo.

"Niliona weupe," akasema. "Kama mtu amenitandikia shuka juu ya kichwa. Ilinitosha. Nikavua viatu, nikatafuta kwa kidole cha mguu ule mfereji aliousema. Nikaupata. Nikaufuata mti hadi mti, bila kushikwa na mtu, mpaka mwisho wa mstari. Hapo nikamwombea. Nikamwambia, nimekuja. Usishangae kuniona Shaabani, mwezi ndio uliohama."

Tulikuwa bado tumesimama stesheni, watu wanatupita na mizigo.

Ukungu ule ulifunga kabisa kabla ya mwaka kwisha. Lakini kabla haujafunga, wiki ile ile aliyorudi, aliniagiza nije na jembe. Akakaa kwenye kiti mlangoni akanielekeza nichimbe kijifereji kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye shina la mchungwa, nikipangie matofali pembeni, upana wa unyayo mmoja. Alikuwa anakipima kwa kidole cha mguu. "Kimepinda. Rudi kushoto. Wewe unayejua miezi hujui mstari?" Nikachimba upya mara tatu nikitukana chini kwa chini.

Miaka yote iliyobaki sikuwahi kuona mtu akimshika mkono uani kwake. Asubuhi alikuwa anavua viatu mlangoni, anatia kidole mferejini, anakwenda mwenyewe mpaka kwenye mti. Ukimkuta Aprili, alikuwa amesimama pale na uso juu.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi: Jumatatu ya Pasaka, asubuhi, kabla mfagiaji hajamaliza.